Kuku wa Uani Waweza Kuwa Biashara: Somo kwa Wenye Kuku Wachache

Ni nadra kuona boma katika mashamba ya Kenya, liwe la Vihiga au la Kitui, la Kilifi au la Nyeri, lisilokuwa na kuku wachache wanaochakura uani. Kuku hao hawakununuliwa kwa shauri kubwa, wala hawakujengewa nyumba ya maana. Mgeni akija, mmoja hukamatwa akachinjwa. Mtoto akiugua, wawili hufungwa miguu wakapelekwa sokoni. Na kideri kikipita, karibu wote hufa katika juma moja. Hapo mwenye nyumba husema, "Ndiyo mambo ya kuku," akaanza tena kwa kuku mmoja aliyepewa na jirani.

Kwa ajili hiyo watu wengi hudhani ya kuwa kuku wa kienyeji si mali. Wengine, wakitaka kufanya biashara, huenda kukopa fedha, wakanunua vifaranga 200 kwa siku moja, nao kabla ya miezi miwili kupita wamebaki na deni na banda tupu. Hawa na wale wamekosa jambo moja. Biashara ya kuku haianzi kwa kununua kuku wengi. Huanza kwa kuwazuia wale walioko wasife, na kwa kuandika hesabu yao. Hilo ndilo neno kubwa la somo hili, na yafuatayo yote ni maelezo yake.

1. HASARA ISIYOONEKANA

Tuchukue mfano wa nyumba yenye makoo 6, yaani kuku jike wanaotaga na kulea, pamoja na jogoo mmoja. Kuku wa kienyeji akiachwa afuate desturi yake, hutaga mayai kama 12, huyalalia siku 21, kisha hulea vifaranga wake majuma mengi kabla ya kutaga tena. Kwa hiyo katika mwaka mzima huangua mara 3 hivi.

Tuseme basi katika mayai 12, 10 yaangua. Makoo 6, mara 3 kila mmoja, ni maangua 18. Nayo ni vifaranga 180. Je, mwisho wa mwaka wako wapi vifaranga hao 180? Mwewe amechukua wake, nguchiro amechukua wake, mvua na baridi zimeua wengine, na maradhi yamemaliza kazi. Mara nyingi nusu yao au zaidi hufa kabla ya kutimiza majuma 8. Tukisema kila koo hubakiwa na vifaranga 3 kwa kila maangua, mwenye nyumba atapata kuku 54 tu.

Sasa tuseme mtu huyo huyo, kwa makoo wale wale 6, alinda vifaranga wake hata kila koo abakiwe na 7 badala ya 3. Mwisho wa mwaka atakuwa na kuku 126. Amepata kuku 72 zaidi, wala hakununua hata koo mmoja wa ziada. Biashara aliyokuwa akiitafuta mbali ilikuwa ikifia uani kwake, kifaranga kimoja kimoja, naye hakuiona kwa sababu kifaranga aliyekufa hana kilio.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza idadi ya kuku, jifunze kwanza kuwahifadhi ulio nao. Mtu asiyeweza kulinda vifaranga 20, hawezi kulinda 200. Atapoteza mara kumi zaidi.

2. MALAZI YA KUKU

Kuku anayelala juu ya mti, au jikoni penye moshi, au chini ya kitanda cha watoto, hana nyumba. Tena si vyema kwa afya ya watu kulala chumba kimoja na kuku, maana mavi na vumbi lao huleta maradhi.

Banda la kuku si lazima liwe la gharama. Udongo, fito, mabanzi na mabati ya zamani yatosha, mradi mambo manne yatimizwe. Kwanza, liwe kavu. Paa lisivuje, na sakafu iwe juu kuliko ardhi ya nje ili maji ya mvua yasiingie. Pili, hewa ipite. Upande mmoja uwe na wavu kuanzia kimo cha magoti hata karibu na paa, kusudi harufu kali ya mavi isiwaumize macho na mapafu. Tatu, libane: matundu ya wavu yawe madogo hata kicheche na panya wasipenye, na mlango ufungwe kila jioni bila kusahau. Nne, liwe na nafasi. Kwa kuku wanaotoka mchana, mita moja ya mraba yawatosha kuku 4 au 5 wakati wa usiku. Ukizidisha, watadonoana na kuambukizana.

Weka fito za kulalia, maana kuku kwa asili yake hupenda kulala juu. Kila kuku apate sentimita 20 za ufito. Weka pia viota mahali penye giza kidogo, kiota kimoja kwa kila makoo 5, nacho kiwe na nyasi kavu. Kuku asiyeonyeshwa kiota atajitafutia vichakani, na mayai hayo atakula nguchiro.

Zoa mavi kila juma, uyatunze mahali pa kivuli hata yaive. Mbolea ya kuku ni kali, haifai kutiwa shambani ikiwa mbichi. Lakini ikiisha kuiva, mboga zitakuonyesha faida yake. Hiyo nayo ni sehemu ya biashara.

3. CHAKULA NA MAJI

Waswahili husema, "Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura." Ni kweli, lakini ardhi iliyochakurwa kila siku na kuku wale wale haina kitu tena, hasa wakati wa kiangazi. Kuku anayezunguka uani hupata wadudu, majani na mbegu. Akipewa tena ukufi mmoja wa chakula bora kila siku, kama gramu 40 au 50, utaona mabadiliko upesi katika mayai na katika mwili.

Chakula bora maana yake si mahindi matupu. Mahindi, mtama na muhogo huleta nguvu na mafuta. Chakula cha kujenga mwili hutoka katika omena, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, mchwa na funza. Soya mbichi haifai, kwa kuwa huzuia chakula kumeng'enywa vizuri tumboni. Majani kama sukuma wiki na mchicha huongeza afya na kufanya kiini cha yai kiwe cha rangi nzuri ambayo wanunuzi huipenda. Magamba ya chaza au ya mayai, yakichomwa na kusagwa, hufanya ganda la yai liwe gumu.

Mwenye kutaka kuchanganya chakula mwenyewe kwa kuku wanaokua, aweza kufanya hivi kwa kila kilo 10: mahindi yaliyoparazwa kilo 6, mashudu ya alizeti kilo 2, pumba za mahindi kilo 1, na omena waliokauka na kusagwa kilo 1, pamoja na chumvi kidogo sana na unga wa magamba. Asizidishe omena, maana nyama na mayai vitanuka samaki. Kwa vifaranga wa majuma ya kwanza, ni afadhali anunue chakula cha vifaranga kilichotengenezwa, kwa sababu wao wanahitaji chakula cha kujenga mwili kuliko kuku wakubwa.

Yako maonyo mawili. La kwanza: mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu husema "yampe kuku," ni sumu. Sumu hiyo ya ukungu huharibu ini la kuku, hupunguza mayai na kuua vifaranga. Tena yaweza kumfikia mtu kwa njia ya mayai na ini atakalokula. Kitu kisichofaa kwa watoto wako, usikitie katika kihori cha kuku. La pili: maji. Kuku aliyekosa maji kwa siku moja ya jua kali aweza kuacha kutaga kwa siku nyingi. Maji yawe safi, yabadilishwe kila asubuhi, na chombo kisuguliwe.

4. KUWALALISHA MAKOO SIKU MOJA

Hapa pana hila ambayo wafugaji wengi katika magharibi ya Kenya wameitumia kwa faida kubwa. Makoo huanza kulalia kwa nyakati mbalimbali. Huyu leo, yule baada ya siku tano. Koo wa kwanza akianza kulala, mwachie mayai mawili tu ya kumtuliza, na yale mengine uyaweke mahali pa baridi na kivuli, ncha nyembamba ikitazama chini. Andika tarehe juu ya kila yai kwa kalamu ya risasi. Makoo watatu wakiisha kuwa tayari, wape wote jioni moja mayai mapya 10 hadi 13 kila mmoja. Yai la kulaliwa lisizidi siku 7 hadi 10 tangu kutagwa, lisiwe na ufa, wala lisiwe dogo mno au lenye umbo baya.

Siku ya 7, usiku, pima mayai kwa tochi. Funga karatasi mfano wa bomba, weka yai juu ya tundu, umulike kwa chini. Yai lenye uhai huonyesha mishipa ya damu kama miguu ya buibui. Yai lisilo na kitu huwa jeupe tupu. Ondoa hayo meupe, maana hula nafasi na joto bure, na yakibaki yatakuwa mayai viza.

Siku ya 21 vifaranga wote watatoka pamoja. Hapo ndipo faida ya hila hii inapoonekana. Wape koo wawili vifaranga wote usiku, wakati koo hawezi kubagua, na yule wa tatu mtenge, mlishe vizuri. Hatakawia kurudi kutaga. Naam, kama una sanduku la kulelea lenye joto, waweza kuwaondoa vifaranga wote, na makoo watatu wote wakarudi kazini. Kwa njia hii koo aliyekuwa akiangua mara 3 kwa mwaka aweza kuangua mara 4 au zaidi. Lakini kumbuka neno la kwanza la somo hili: usiongeze maangua kama vifaranga bado wanakufa.

5. MAJUMA MANANE YA HATARI

Kifaranga hana manyoya ya kutosha kujikinga na baridi. Katika juma la kwanza anahitaji joto la digrii 32 hadi 35, kisha lipungue kidogo kidogo kila juma mpaka atakapoota manyoya. Asiye na kipima joto atazame vifaranga wenyewe. Wakisongamana na kulia, wana baridi. Wakikimbia mbali na moto huku wakihema kwa midomo wazi, wana joto jingi. Wakitawanyika kwa amani, wengine wakila na wengine wakilala, mambo ni sawa. Mwenye kutumia jiko la makaa aliwashe nje kwanza, na chumba kiwe na tundu la hewa, kwa kuwa hewa ya makaa huua vifaranga na watu pia.

Wenye kulelewa na mama yao, wafunikwe pamoja naye chini ya tenga kubwa wakati wa mchana kwa majuma 3 au 4 ya kwanza. Mwewe hawezi kuinua tenga. Liwe na nafasi ndogo pembeni ambapo vifaranga hupenya kwenda kula chakula chao, lakini kuku wakubwa hawawezi kuwafuata. Bila kizuizi hicho, chakula cha vifaranga ulichokinunua kwa fedha zako kitaliwa na jogoo.

Matandiko yao, yawe ya taka za mbao au maganda ya mpunga, yakae makavu. Unyevu ndio mama wa maradhi ya kuhara damu. Ukiona mavi yenye damu na vifaranga waliojikunyata, usingoje. Nenda kwa afisa wa mifugo upate dawa, na ubadilishe matandiko siku hiyo hiyo.

6. ADUI MKUU: KIDERI

Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza. Kwa hiyo wataalamu huuita kwa jina la mji huo. Katika nchi zetu ndio unaofagia maboma. Kuku huhema kwa shida, huhara kijani, huangusha mabawa, na wengine hupinda shingo kana kwamba watazama mbinguni. Kisha hufa wengi kwa siku chache. Watu husema umeletwa na upepo, au na jirani mwenye husuda. La, sivyo. Huletwa na kuku wagonjwa walionunuliwa sokoni, na matenga, na viatu, na manyoya na matumbo ya kuku aliyechinjwa akatupwa ovyo.

Kideri hakina dawa. Si kitunguu, si pilipili, si shubiri, wala si vidonge vya watu. Lakini kina kinga, nayo ni chanjo. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotayarishwa huko Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Tone ni lile lile kwa jogoo na kwa kifaranga.

Shikeni mambo haya. Chanjeni kuku walio wazima tu, maana aliyekwisha kuugua hataponywa na chanjo. Chanjeni mapema, walau mwezi mmoja kabla ya majira ambayo kideri huzoea kuja kwenu, kwa kuwa kinga huhitaji siku kadhaa kujengeka mwilini. Usiiache chanjo juani, na uliyoifungua na kuichanganya uitumie siku ile ile. Tena chupa moja huwatosha kuku 100 au zaidi. Mtu mwenye kuku 7 ataona ni gharama. Lakini nyumba 10 zenye kuku 10 zikichanga, kila mmoja atatoa fedha ndogo sana. Zaidi ya hayo, ukichanja peke yako na majirani wote wasichanje, ugonjwa utabaki ukikuzunguka. Jambo hili la kideri ni la kijiji kizima.

Kuku mpya asichanganywe na wenzake siku ya kwanza. Mithali yetu yasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Mfunge mbali kwa siku 14, umtazame. Aliyekufa kwa maradhi asiliwe wala asiuzwe, wala asipewe mbwa. Azikwe katika shimo refu au achomwe moto. Mtu anayeuza kuku wagonjwa sokoni ili apunguze hasara yake, anaipeleka hasara hiyo katika nyumba ishirini nyingine.

Magonjwa mengine ni ndui ya kuku, ambayo huenezwa na mbu na ina chanjo yake. Minyoo, ambayo hutolewa kwa dawa kila miezi 3. Na utitiri na chawa, ambao hupungua kuku wakipewa mahali pa kuoga vumbi lililochanganywa na majivu. Ukimpa kuku dawa yoyote, uliza muda wa kungoja kabla ya kuuza mayai au nyama yake, na uushike.

7. MBEGU

Jogoo mmoja awatosha makoo 10. Abadilishwe kila mwaka, la sivyo atazaa na binti zake mwenyewe, na kizazi kitadhoofika. Badilishaneni na jirani wa mbali mwenye kuku wazima. Msimchague jogoo kwa rangi tu. Tazameni mwili, miguu na ukoo wake. Desturi yetu ya kuuza wakubwa wanono na kubakiza wadogo dhaifu ndiyo iliyoharibu mbegu nyingi.

Kituo cha utafiti cha KALRO huko Naivasha hutoa vifaranga wa kienyeji walioboreshwa. Hao hukua upesi na kutaga mayai mengi, lakini hawapendi kulalia, tena huhitaji chakula zaidi. Kwa hiyo mwenye kuwanunua na awe na makoo wa zamani wa kumwangulia, wala asitegemee kuwaacha wajitafutie.

8. KUUZA

Mwenye kuuza kwa sababu ya shida huuza kwa bei ya mnunuzi. Kama ada ya shule yatakiwa kesho, mchuuzi ataijua haja yako usoni, naye hatakuongezea hata shilingi. Mfanya biashara hupanga kabla. Ahesabu miezi 5 au 6 kurudi nyuma kutoka Krismasi, Pasaka au Idi, alalishe mayai wakati huo, na kuku wake watakuwa tayari soko litakapopanda. Majirani wanaouza pamoja kuku 40 kwa siku moja waweza kuzungumza na mwenye hoteli kwa simu na kumpa ahadi. Mmoja mwenye kuku 4 hawezi.

Mayai yauzwe yakiwa mapya. Yaokotwe mara mbili kwa siku, yafutwe kwa kitambaa kikavu, yasioshwe, maana maji huondoa kinga ya ganda. Yai lililookotwa kichakani lipimwe katika maji: jipya huzama na kulala, la zamani husimama, lililooza huelea. Yai bovu moja katika trei ya mayai 30 laweza kukupotezea mnunuzi wa mwaka mzima.

Walio mjini waulize kwanza sheria za mahali wanapokaa, wawafungie kuku wao uani, na wasiwaudhi majirani kwa harufu.

9. DAFTARI

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Nunua daftari la shule, uligawe sehemu nne: waliozaliwa, waliokufa na sababu yake, waliouzwa au kuliwa, na fedha zilizotoka na kuingia. Kuku aliyechinjiwa mgeni aandikwe pia. Kumkirimu mgeni ni heshima, lakini heshima nayo ina bei, na yafaa tuijue.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Bei za kwenu zaweza kuwa nyingine. Kifaranga hula kilo 2 za chakula katika majuma 8. Kwa shilingi 60 kilo, ni shilingi 120. Baada ya hapo hupewa gramu 40 kwa siku 100, yaani kilo 4; kwa shilingi 40 kilo, ni shilingi 160. Chanjo na dawa, shilingi 20. Jumla ni shilingi 300. Akiuzwa kwa shilingi 600, faida yake ni shilingi 300, si 600. Asiyeandika atazitumia zote 600, kisha atashangaa mbona hana fedha za kununulia chakula cha wengine.

Daftari litakufundisha mengine mawili. Kifaranga anayekufa katika juma la 8 ameondoka na shilingi 120 za chakula, nazo zitalipwa na faida ya nduguye aliye hai. Na jogoo aliyekwisha kukomaa, ukimweka miezi miwili zaidi kungoja Krismasi, akila gramu 50 kwa siku, atakula kilo 3, yaani shilingi 120. Kama bei ya Krismasi haitapita shilingi 720, ulingoja bure.

10. FEDHA HIZI NI ZA NANI?

Neno hili ni zito, lakini halifai kuachwa. Katika nyumba nyingi kuku hulishwa na mama na watoto. Wakiwa watano, huitwa kuku wa mama. Wakiwa hamsini, ghafula huitwa kuku wa baba. Mama akiona fedha zimekwenda asikokujua, mikono yake hulegea. Na mikono ya mlezi ikilegea, vifaranga hufa. Basi mume na mke wakae chini mapema, wakubaliane: sehemu hii ni ya chakula cha kuku, sehemu hii ni ya shule, sehemu hii ni ya aliyefanya kazi. Mapatano hayo yaandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Yatawalinda kuku kama wavu wa banda.

MASWALI YA KUJIPIMA

(1) Mwaka uliopita vifaranga wangapi walizaliwa kwako, na wangapi walifikia majuma 8? (2) Kuku wako walichanjwa lini mara ya mwisho, nao watachanjwa tena lini? (3) Jogoo wako ana muda gani nyumbani? (4) Kuku mmoja hukugharimu shilingi ngapi hata kuuzwa? (5) Nani katika nyumba yako atakayeshika daftari?

Asiyeweza kujibu swali la kwanza asifadhaike, wala asikimbilie kununua vifaranga. Anunue daftari, awahesabu jioni ya leo wakati wanapoingia kulala, na aandike idadi yao pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu awahesabu tena. Kama waliokufa wamepungua, biashara yake imekwisha kuanza.